Paskazia Mbuke, Mwalimu wa Watoto wa Mwankuba

Alizaliwa Ibadakuli, Shinyanga, Jumapili ya Pasaka, tarehe 14 Aprili 1974, kengele ya kigango ikiita watu kwenye misa. Baba yake, Pantaleo, alikuwa mpakiaji wa marobota katika jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, mtu mwenye mwili mkubwa na maneno machache. Mama yake, Agnetha, alilima mpunga na viazi vitamu, na jioni aliongoza rozari kwa majirani. Mama ndiye aliyempa jina la Paskazia kwa heshima ya sikukuu. Jina la Mbuke lilikuwa la bibi yake mzaa baba, ambaye hakuwa amebatizwa wala hakuwa na haraka ya kubatizwa, lakini alimpakata mjukuu huyo tangu siku ya kwanza na kumwimbia nyimbo za Kisukuma za kubembelezea watoto. Agnetha alizoea kusema kwamba binti yake alijua kusikiliza kabla hajajua kunyonya sawasawa.

Kusema ndiko kulikokuwa kazi. Paskazia alikuwa na kigugumizi kizito. Neno lilimkwama kooni, midomo ikamtetemeka, macho yakajifumba, na mara nyingi aliyekuwa akingoja jibu aliondoka kabla halijafika. Shuleni walimu walizoea kumruka wasije wakapoteza kipindi. Njiani watoto walimwigiza, naye alicheka pamoja nao, kisha akaingia nyumbani akajifungia. Mwaka 1984 ulipofika mtihani wa Komunyo ya Kwanza, padre alimwuliza swali jepesi kuliko yote, ni nani aliyemuumba, na mtoto akasimama mbele ya kigango kizima bila kutoa sauti. Wenzake wakaanza kukohoa na kusukumana. Ndipo mwalimu Martina, katekista mzee aliyewafundisha, alipoinuka kwenye benchi, akamwinamia na kumnong'oneza: "Mwanangu, kama halisemeki, liimbe." Paskazia akashika sauti ya nyimbo za bibi yake, akaimba kwamba Mungu Baba ndiye aliyemuumba, na kwamba alimuumba kwa kuwa alimpenda. Hakukwama hata mahali pamoja. Padre alivua miwani, akaifuta, akasema, "Huyu atapokea Jumapili." Tangu siku hiyo Paskazia alijua kwamba Mungu anayemfungia mtu mlango huwa hajamfukuza nyumbani.

Akiwa na miaka ishirini aliomba kupokelewa utawani. Masista walimpenda, kwani alikuwa mchapakazi na mwenye sala, lakini baada ya mwaka mmoja waliona kwamba kazi ya shirika lao, ambayo ni kufundisha na kuhudumia wagonjwa, ingemwelemea, wakamrudisha kwa wazazi wake kwa upole. Alirudi Ibadakuli na sanduku lake dogo la bati. Baba yake, ambaye alikuwa ameshawatangazia wenzake wote wa jineri kwamba ana binti sista, alimtazama akiingia uani, akauliza, "Basi Mungu hajakutaka?" Binti akasimama kwa muda mrefu akipambana na ulimi wake, na mzee Pantaleo, ambaye siku zote alimalizia maneno ya bintiye ili kumsaidia, siku hiyo alinyamaza akamngoja. "A-a-amenitaka, baba," Paskazia akasema. "Ha-hajaniambia wapi."

Alingoja kuambiwa kwa karibu miaka ishirini, na hakungoja akiwa amekaa bure. Alisaidia shambani, alimuuguza bibi yake mpaka kufa kwake na kumbatiza kwa mkono wake mwenyewe alipoomba hilo saa ya mwisho, na kila Jumamosi alikusanya watoto wa Ibadakuli nyuma ya kanisa akawafundisha dini kwa nyimbo alizozitunga yeye, kwa Kiswahili na Kisukuma. Mafundisho yote aliyageuza kuwa maswali na majibu ya kupokezana, yeye akiuliza, watoto wakiitikia. Mwaka 2001, mbele ya paroko wake, aliweka nadhiri ya binafsi ya kutoolewa na kuwa mali ya Kristo na ya watoto. Hakuvaa vazi lolote la pekee isipokuwa kitambaa cheupe kichwani, na watu wengi waliomwona sokoni hawakujua kitu.

Juni ya mwaka 2013, wakati wa likizo ya shule, Padre Athanas, aliyekuwa ndiyo kwanza amehamishiwa parokiani hapo, aliandaa safari ya kimisionari kwenda kwa watoto wa machimbo ya dhahabu ya Mwankuba, upande wa Geita. Kwaya ya vijana ilishona sare ya kitenge. Akina mama walichanga biskuti, madaftari, mipira na rozari za plastiki. Paskazia alichukuliwa dakika za mwisho, kwa sababu mwalimu mwingine aliugua. Basi dogo lilitoka Shinyanga alfajiri, likapita Kahama, likauacha nyuma ule mlima wa kifusi wa mgodi wa Buzwagi, likaelekea magharibi mpaka lami ikaisha, na baada ya lami ikaisha hata barabara yenyewe. Mwankuba wakati huo ilikuwa vibanda vya maturubai na magunia, vimesongamana kuzunguka mashimo ambayo wachimbaji huyaita maduara. Watoto walikuwa wengi kuliko alivyotazamia mtu yeyote. Walikaa chini kando ya mama zao wakiponda mawe yaliyotoka chini ya ardhi, nyundo kwenye mikono isiyozidi ukubwa wa nyundo, nyuso na kope zikiwa nyeupe kwa vumbi. Wachache tu walikuwa wameona mlango wa shule, na walioujua msalaba waliujua kama kitu kinachowekwa juu ya kaburi la mchimbaji.

Siku zile zilikuwa za furaha kubwa. Kwaya iliimba, mipira ilichezwa, watoto walijifunza kufanya ishara ya msalaba na kuisema Baba Yetu mpaka nusu. Walipiga picha nyingi. Siku ya kuondoka, basi likiwa limeshawashwa na wanakwaya wakipunga mikono dirishani, binti mmoja wa miaka tisa hivi, jina lake Violeth, alikuja mpaka mlangoni aliposimama Paskazia. Mama yake alikuwa mponda mawe na yeye mwenyewe alikuwa na kidonda cha nyundo kwenye kidole gumba. Akasema, "Shikamoo mwalimu." Paskazia akaitikia, "Ma-marahaba, mwanangu." Mtoto akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza habari ya mzigo: "Huyo Yesu mliyekuja naye, mnaondoka naye?"

Waliokuwa karibu walicheka. Paskazia hakucheka. Aliwaeleza wengine miaka mingi baadaye kwamba alisikia joto likimpanda kutoka miguuni mpaka kichwani, na kwamba swali lile ndilo lililomjulisha wapi. Alishuka basini, akamfuata Padre Athanas kiti cha mbele, akamwambia kwa taabu kwamba yeye anabaki. Padre alimkatalia. Hakuna nyumba, alisema, hakuna kanisa, hakuna mtu anayekufahamu, na mahali hapa si pa mwanamke peke yake. Paskazia akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akaimba, mbele ya wanakwaya walioduwaa, kwa ile sauti ya polepole ya bibi yake: kwamba mtoto ameuliza, na jibu halifai kuachwa barabarani. Padre Athanas amesimulia mwenyewe kwamba alitaka kukasirika, akashindwa. Akamvulia stola yake ndogo ya kutembelea wagonjwa akamfungia shingoni kama mtoto anayefungiwa skafu, akamwombea, na basi likaondoka.

Aliyempokea alikuwa Mwislamu. Mwahija, mama lishe mwenye asili ya pwani aliyehamia kutoka Kahama na mwanawe Nuruddin, alimwona yule mwanamke amesimama na mfuko mmoja wa nailoni katikati ya vumbi la basi, akamwita, "Dada, wenzio wamekusahau?" Paskazia alipojaribu kueleza, Mwahija alimnawisha kwanza, akamwekea ugali na samaki, akasema, "Utasema ukishashiba. Mimi sina haraka." Akampa pembe ya stoo yake, kati ya magunia ya mkaa na ya unga, na pembe ile ndiyo iliyokuwa nyumba ya Paskazia kwa miaka yote iliyofuata. Alipoanza mafundisho alimwendea Mwahija na kumwambia kwamba hamfundishi mtoto wa mtu dini bila ridhaa ya mzazi wake. Mwahija akajibu, "Wangu ana chuo chake cha Kurani, na Mungu wake anamjua. Mfundishe kusoma, kuimba ataimba akipenda." Hivyo ndivyo walivyoishi, kila mmoja na sala yake, chungu kimoja.

Paskazia aligundua upesi kwamba watoto wa Mwankuba hawawezi kuja kwenye mafundisho, kwa sababu mawe hayamngoji mtu. Basi akaazima nyundo, akaketi chini miongoni mwao akaponda. Mikono ilimchubuka ikatoa damu, ikapona, ikawa migumu. Na akiponda aliimba, na pigo la nyundo likawa ngoma ya wimbo. "Jina lako nani?" aliuliza, na watoto wakafundishwa kuitikia, "Mtoto wa Mungu!" "Nani kakujua?" "Baba wa mbinguni!" "Gizani anakuona?" "Ananiona na ananiita!" Wimbo huo ulienea Mwankuba nzima mpaka wanaume waliuimba wakivuta kamba za winchi bila kujua wanaimba katekisimu. Jioni aliandika herufi kwenye ubao alioupaka masizi, na Jumapili, padre akiwa mbali, aliwakusanya watoto na mama zao kwa ibada. Alijua jina la kila mtoto na jina la aliyemzaa, na mtoto asipoonekana siku moja alikwenda kibandani kwao kumtazama.

Duara kubwa kuliko yote pale lilikuwa la mtu aitwaye Maige, Msukuma wa rika la Paskazia, mwenye nguvu na jina. Kwa muda mrefu duara lake lilikuwa limegoma kutoa mali. Mganga mmoja aliyemwendea alimwambia kwamba dhahabu ina masikio na haipendi nyimbo za kanisani, na kwamba mwanamke mwenye ulimi mzito ameifunga isipande. Maige aliamini. Alituma vijana wake wakauchoma ule ubao mbele ya watoto. Paskazia alingoja moto uzime, akaokota kipande cha mkaa wa ubao wake, akaendelea na somo juu ya jabali lililokuwa jirani. Maige akatangaza kwamba mponda mawe yeyote ambaye mtoto wake ataonekana na katekista hatapewa tena mawe ya duara lake. Hapo watoto wakapungua. Akina mama walimpita Paskazia wakiinamisha vichwa. Wengine, ambao jana yake walikuwa wakimwamkia "Mwangaluka, mayu," walisema ni mchawi. Masika ile alipata malaria kali, na ni Mwahija aliyempakia kwenye bodaboda, akamshikilia kiunoni asidondoke, mpaka zahanati. Aliporudi, dhaifu na amekonda, alikuta waliobaki kwenye mafundisho ni Violeth peke yake.

Lilikuwa jaribu lake kubwa kuliko yote, kwa kuwa lilitoka ndani. Alimweleza Padre Athanas, aliyekuwa akimtembelea kila alipoweza, kwamba kwa majuma mengi alisali bila kusikia kitu, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Alimwuliza Mungu, "Baba, umenitoa kwetu kwa ajili ya mtoto mmoja?" Na hakupata jibu jingine ila kuona, asubuhi moja, jinsi yule mtoto mmoja alivyokuwa akikunja mdomo akijitahidi kuandika jina la Yesu kwa mkaa, na moyo wake ukatulia. Akamfundisha Violeth peke yake kwa bidii ileile aliyowafundishia umati.

Machi ya mwaka 2016, baada ya mvua kubwa, wachimbaji wa Maige walifikia mwamba wenye mali. Ulikuwa mwisho wa njia nyembamba sana, mwanamume hapiti. Maige akaamuru waletwe watoto. Asubuhi ile waliwapanga mdomoni mwa duara, na wa kwanza kufungwa kamba kiunoni alikuwa Violeth, kwa sababu ya wembamba wake. Mama yake alisimama pembeni amejifunika uso kwa kanga, kwani alikuwa amekubali. Tangu mvua zianze nyumbani kwao hapakuwa na chakula. Chini walikuwa wameshatangulia wanaume watatu, mmoja wao Mwigulu, mdogo wake Maige wa tumbo moja, ili kuwapokea watoto. Paskazia alikuja mbio na nyundo yake mkononi. Aliitupa chini, akapenya kati ya vijana, akaketi mdomoni mwa duara, miguu yake ikining'inia ndani, akaikumbatia ile kamba kifuani.

"Dada, toka hapo," Maige akasema.

Paskazia akafungua kinywa. "Ni-ni-ni..." Neno likakwama. Vijana wa winchi wakaanza kucheka. Angeweza kuimba, kama alivyofanya siku nyingine, lakini alieleza baadaye kwamba hata wimbo haukuja. Palikuwa na ukavu tu na lile neno moja limesimama kama mfupa. "Sema basi, dada, sema!" Maige akapiga kelele, na hata hivyo, kwa malezi aliyolelewa, hakuweza kumburuta mwanamke aliyekuwa katikati ya kujaribu kusema. Akangoja. Vijana wakangoja, kicheko kikapungua. Violeth, kamba kiunoni, akauweka mkono wake mdogo begani kwa mwalimu. "Ni-ni-ni..." Uso wa Paskazia ulijaa jasho. Wakati huo ardhi ikanguruma chini yao, si kwa sauti kubwa, kama ng'ombe anayejigeuza zizini, na pumzi ya vumbi jekundu ikapanda kutoka shimoni ikawafunika wote. Njia ya chini ilikuwa imeporomoka, ileile ambayo watoto wangekuwa wanatambaa ndani yake kama ulimi wa mwanamke yule ungekuwa mwepesi.

Vumbi lilipotua watoto walikuwa juu wote, wazima. Lakini Mwigulu na wenzake walikuwa chini. Maige alijirusha kwenye kifusi akichimba kwa kucha na kuita jina la mdogo wake. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki kupita katikati ya udongo: mpira mrefu wa kupelekea hewa. Paskazia akautazama mpira ule, akawaomba vijana wazime kompresa kidogo, akauchomoa, akapiga magoti, akauweka mdomoni. Na sasa wimbo ukaja. "Jina lako nani?" aliimba ndani ya mpira. Watoto wakamzunguka, wale waliokuwa wamekatazwa na wale waliokuwa wameogopa, wakaitikia kwa nguvu zao zote. Wakaimba, watoto wakipokezana naye kuuliza kwenye mpira, kompresa ikawashwa kupeleka hewa, ikazimwa, wakaimba tena, kwa zamu, mchana ule wote na baada yake, huku wanaume wakichimba kufuata mpira. Mwahija alipika uji akawanywesha watoto kwa zamu, na uji ukiiva alitandika mkeka wake kando ya duara akaswali, akawaombea waliofukiwa kwa dua ndefu. Hakuna aliyerudi kuponda mawe.

Kesho yake, jua likiwa utosini, vifusi vilifunguka na Mwigulu akatolewa wa kwanza, kisha wenzake, wamechubuka lakini hai wote watatu. Mwigulu ameshuhudia mara nyingi mambo yaliyowapata. Walikuwa wametupwa mbali na mpira, taa zimezimika, hawajui juu ni wapi na chini ni wapi, na walikuwa wameanza kuchimba kuelekea kusiko, kwenye maji. "Nikasikia watoto wananiuliza jina langu," asema. "Nilidhani nimekufa. Wakauliza tena. Nikajibu. Mimi sikuwa nimebatizwa, lakini nikajibu, mtoto wa Mungu. Tukageuka tukatambaa kuelekea kwenye swali."

Maige alimkuta Paskazia ameketi chini ya turubai la Mwahija, sauti imemkauka. Alisimama mbele yake. "Dada," akasema, "jana ulitaka kusema nini pale?" Paskazia akahangaika na ulimi, naye Maige akamngoja, na safari hii hakuna aliyecheka. "Ni-nilitaka kusema, ni-nishushe mimi. Mwache mtoto." Mtu yule mkubwa akakaa mavumbini akalia mbele ya vijana wake wote. Alipoweza kusema, alisema mtoto hatashuka tena kwenye duara la Maige maadamu yeye yuko hai, na akina mama wote watapewa mawe kama zamani. Wenye maduara wengine walimfuata, baadhi kwa kuona aibu, baadhi kwa kuguswa. Banda lake kubwa la kuhifadhia magogo alilitoa liwe mahali pa mafundisho na sala, na yeye ndiye aliyekwenda na Paskazia kwa viongozi wa kijiji kuomba watoto wa machimbo waandikishwe shule.

Jumapili ya Pasaka, tarehe 16 Aprili 2017, Padre Athanas alibatiza Mwankuba watoto waliojaza banda lile mpaka nje. Mama zao walikuwa wamewaogesha tangu alfajiri, na kwa mara ya kwanza wengi walionekana rangi zao halisi bila vumbi. Violeth alibatizwa wa kwanza. Mwigulu alibatizwa siku ileile akiwa amesimama kwenye mstari wa watoto, kwa ombi lake mwenyewe, akiwazidi wote kimo. Kaka yake alichukua muda zaidi. Alikuwa na mengi ya kuacha, akayaacha moja moja, akabatizwa baada ya miaka miwili. Vigelegele vya siku ile, wasemavyo waliokuwepo, vilisikika mpaka maduara ya ng'ambo, na watu wakaja mbio wakidhani mtu amepata jiwe kubwa la dhahabu.

Paskazia aliendelea na kazi yake miaka mingine sita. Vumbi la mawe lilikuwa limeingia kifuani mwake, na pumzi ikawa fupi mwaka hata mwaka. Padre alipotaka arudi Ibadakuli kupumzika, alijibu kwa ishara ya mkono, akiwaonyesha watoto. Hatimaye mwaka 2023 walimpeleka hospitali mjini Shinyanga. Hakuweza tena kuimba. Mwahija alifunga genge lake akaja kumwuguza, akilala kwenye mkeka kando ya kitanda. Alasiri ya tarehe 9 Septemba, mbele ya Mwahija, Padre Athanas na muuguzi mmoja, Paskazia alifumbua macho akasema maneno ambayo wote watatu wameyathibitisha, nayo aliyasema bila kukwama hata silabi moja, kwa sauti laini kama ya msichana: "Mama Nuruddin, asante kwa pembe ya stoo yako. Padre, usiwaache watoto. Mimi naitwa kwa jina langu." Akafa saa ileile. Alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Mazishi yake hayakufanana na ya mwanamke asiye na mali. Malori yalitoka Mwankuba yamejaa wachimbaji na watoto wenye sare za shule. Wafanyabiashara Waislamu wa Kahama walioletwa na Mwahija walichimba kaburi pamoja na vijana wa kigango, na mzee Pantaleo, mwenye miaka zaidi ya themanini, aliyengoja siku nyingi kumwona binti yake akihesabiwa miongoni mwa watumishi wa Mungu, aliusikia umati mzima ukimwita mama. "Wabeja, Mulungu," akamshukuru Mungu kwa Kisukuma. Tangu hapo waamini hawajaacha kufika kaburini pale Ibadakuli. Wazazi huwaleta watoto waliochelewa kusema. Akina mama wa Mwankuba husimulia habari ya Samia, binti wa jirani yao, aliyenyamaza kabisa baada ya kibanda chao kuungua, na ambaye, wenziwe walipokuwa wakiimba ule wimbo wa maswali kwenye kumbukumbu ya kifo cha Paskazia, aliitikia kwa sauti mbele ya mama yake, na anasema mpaka leo. Mambo hayo tunayaeleza kama tulivyoyapokea kwa walioyaona. Kuyapima ni kazi ya Kanisa, nasi hatulitangulii.

Lakini ajabu moja haihitaji kupimwa, maana ipo mbele ya macho ya wote. Likizo ya Juni iliyopita, safari ya kimisionari haikutoka Shinyanga kwenda Mwankuba. Ilitoka Mwankuba. Watoto wa pale, wakiongozwa na Violeth, ambaye sasa ni katekista, walipanda lori la Maige kwenda kwenye machimbo mapya yaliyofunguliwa msimu huu kusikokuwa na kanisa wala shule. Mwahija aliwafungia maandazi ya njiani. Walipofika hawakuanza na biskuti wala picha. Walishuka, wakatawanyika, kila mmoja akatafuta mtoto wa rika lake kwenye rundo la mawe, akaketi chini karibu naye, akaokota jiwe. Kazi ikaanza, na baada ya kitambo, juu ya mlio wa nyundo, wimbo.

Ewe msomaji unayesikia unaitwa kuwapelekea wadogo habari ya Bwana, usijitetee kwa uzito wa ulimi wako wala uchache wa elimu yako. Nenda, keti walipoketi, yashike majina yao, na usiwe na haraka ya kuondoka. Mungu aliyetukuzwa katika mtumishi wake Paskazia atukuzwe hata katika wewe.